Trekta la zamani la fowili: jinsi ya kulinganisha matairi ya mbele na ya nyuma kabla hujavunja difu

Kila mvua zikikaribia napigiwa simu ile ile. Mtu ana Massey Ferguson 290 ya fowili, yaani magurudumu ya mbele nayo yanavuta, au Ford 6610, au Fiat 640 DT ya mzee wake. Amefunga matairi mapya nyuma, amelima wiki mbili, sasa leva ya fowili haitoki, kuna mlio chini, au msalaba wa propela, ule mhimili unaopeleka nguvu mbele, umekatika. Anauliza spea inapatikana wapi. Mimi namuuliza kwanza: mbele ulifunga nini?

Hapo ndipo kosa lilipo, karibu kila mara. Kwenye trekta ambalo magurudumu ya mbele ni madogo na yanavuta, ukubwa wa tairi hauchaguliwi kwa macho wala kwa bei. Mbele na nyuma vimeunganishwa kwa gia, na gia haziongezi wala hazipunguzi ili kukufurahisha. Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: kupima kama matairi yako yanakubaliana na gia za trekta lako, na kurekebisha yasipokubaliana.

Tuelewane jambo moja kabla ya vifaa. Fowili ikiwa imeingia, tairi la mbele linatakiwa litake kwenda mbele kidogo kuliko la nyuma, kama asilimia 1 hadi 5. Hiyo naiita asilimia ya kutangulia. Kutangulia huko kidogo ndiko kunakofanya mbele ivute. Ikiwa sifuri au chini yake, nyuma inaisukuma mbele, na mbele inageuka breki. Ikizidi 5, mbele inakwaruza ardhi muda wote, matairi yanaliwa, na nguvu inayokosa pa kutokea inajikunja ndani ya propela na difu, zile gia za katikati ya ekseli.

## Vifaa

Kusanya vyote kwanza. Nimeona watu wakianza kuhesabu, wanakumbuka hawana chaki, wanatumia tope, tope linadondoka kwenye mzunguko wa nne.

- Chaki nyeupe au rangi, na kitambaa cha kufutia tairi
- Utepe wa kupimia na rula ya chuma yenye milimita
- Kipima upepo kinachosoma psi ndogo. Cha malori hakifai, kwa sababu huku chini ya 30 kinabahatisha
- Pampu
- Jeki ya tani 5 au zaidi, stendi imara, magogo ya kuzuia magurudumu, na kabari mbili za mbao ngumu
- Daftari na simu yenye kikokotoo
- Wasaidizi wawili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, bila kumhesabu dereva
- Uwanja mgumu ulionyooka, usiopungua mita 70
- Shamba lililolimwa na kusawazika, lenye unyevu kidogo, urefu huo huo

Trekta liwe halina jembe wala tela.

## Hatua ya 1: Hakikisha fowili inaingia na inatoka kweli

Matrekta haya ni ya miaka ya 1970 na 1980. Mengi leva inasogea lakini ndani hakuna kinachosogea. Ukipima trekta la hivyo, namba zote zitakudanganya.

Zima injini, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo mbele na nyuma yake. Ekseli ya mbele inabembea kwenye pini ya katikati, kwa hiyo piga kabari pande zote mbili kati ya ekseli na fremu kabla ya kuinua. Usipofanya hivyo utainua upande mmoja na trekta litakulalia upande wa pili. Inua gurudumu moja tu la mbele, weka stendi.

Leva ikiwa imetolewa, zungusha gurudumu hilo kwa mkono. Linatakiwa lizunguke na propela izunguke nalo. Sasa ingiza leva. Huenda ikabidi utikise gurudumu kidogo ili meno yakutane. Zungusha tena: linatakiwa ligome baada ya kucheza kidogo tu.

Likizunguka katika hali zote mbili, fowili haiingii. Likigoma katika hali zote mbili, imekwama ndani. Angalia lakini: kwenye baadhi ya matrekta ya baadaye, yanayoingiza fowili kwa swichi badala ya leva, springi ndiyo inayofunga na mafuta ya haidroli ndiyo yanayofungua. Injini ikizimwa, hayo hujifunga yenyewe. Usiyahukumu kwa jaribio hili, yasubiri hatua ya 5.

Onyo. Usiwashe injini na kuingiza gia trekta likiwa juu ya stendi ili "uone mbele inavyozunguka". Magurudumu ya nyuma yako chini. Trekta litaondoka juu ya stendi na wewe uko mbele yake.

Gurudumu likiwa bado juu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au kingi pini zimechoka. Fungua nati ya mafuta ya haba, yaani kitovu cha gurudumu: yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na oili sili imekwisha. Haya hayazuii kupima, ila yaandike.

## Hatua ya 2: Soma matairi na upime kashata

Andika namba za matairi yote manne, usiamini kwamba ya kushoto na kulia yanafanana. Kwenye 12.4-24, namba ya kwanza ni upana kwa inchi na ya pili ni rimu. Alama ya dashi maana yake ni tairi la nailoni, herufi R mahali pa dashi maana yake ni la waya. Usichanganye nailoni na waya kwenye ekseli moja. Ukikuta namba ngeni kama 320/85R24, usishtuke: ndiyo 12.4R24 kwa maandishi mapya.

Kisha pima kina cha kashata, yale meno ya mpira yanayoshika ardhi, katikati ya tairi, sehemu tatu tofauti, kwa rula. Watu wengi huruka hatua hii, nami nataka nikae hapa kidogo.

Kashata ikiliwa milimita 20, tairi limepoteza milimita 20 za nusu kipenyo. Zidisha kwa 6.28: limepoteza karibu milimita 126 katika kila mzunguko. Tairi la mbele la 12.4-24 lina mzunguko wa mita tatu na nusu hivi, kwa hiyo hiyo ni kama asilimia 3.6. Tairi la nyuma la 18.4-30 linakaribia mita 4.65, kwa hiyo ulaji ule ule ni asilimia 2.7 tu.

Unaona mtego ulipo. Trekta lililokuwa na asilimia 3 za kutangulia, mbele ikiwa kipara na nyuma umefunga mapya, linaangukia chini ya sifuri. Hukubadilisha saizi ya tairi hata moja. Ulinunua saizi ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Na bado umeharibu.

Matairi ya ekseli moja yatofautiane kashata kwa milimita chache tu. Yakizidi hapo, difu inafanya kazi ya kona hata ukiwa unakwenda moja kwa moja.

## Hatua ya 3: Weka upepo sawa

Fanya asubuhi, matairi yakiwa ya baridi. Fuata psi ya kitabu cha trekta au jedwali la tairi kwa uzito wa trekta lako. Kushoto na kulia iwe sawa kabisa.

Kama matairi yana maji ndani, zungusha gurudumu mpaka vali iwe juu kabisa ndipo upime. Vali ikiwa chini, maji yanaingia kwenye kipimo na kinakufa hapo hapo. Nimeshazika viwili.

Sababu ya hatua hii: tairi lenye upepo mdogo linabonyea, na tairi lililobonyea lina mzunguko mfupi. Ukipima kabla ya kuweka upepo, unapima uvivu wako.

## Hatua ya 4: Hesabu fowili ikiwa imetoka

Nenda kwenye uwanja mgumu. Simamisha trekta likiwa limenyooka, usukani katikati. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi la nyuma, kutoka kwenye rimu kushuka mpaka linapogusa ardhi. Chora hivyo hivyo kwenye matairi yote mawili ya mbele.

Hesabu kashata za upande mmoja wa tairi la mbele, mzunguko mzima. Tuseme ni 19. Andika.

Toa fowili. Dereva aende gia ya chini kabisa, moja kwa moja, bila kupapasa usukani. Msaidizi wa nyuma ahesabu mizunguko ya tairi la nyuma na kupaza sauti mstari wa chaki unapogusa ardhi mara ya 10. Dereva asimame hapo hapo. Msaidizi wa mbele anakuwa amehesabu mizunguko kamili ya mbele, kisha anahesabu kashata ngapi zimepita tangu mstari wake ulipogusa chini mara ya mwisho.

Mfano: mizunguko 13 na kashata 7. Saba gawanya kwa 19 ni 0.37. Jumla 13.37.

Rudia mara tatu. Kukosea kashata moja ni kukosea karibu asilimia 0.4, kwa hiyo majibu matatu yakipishana zaidi ya kashata moja, kuna mtu hahesabu, anaongea na simu. Chukua wastani, kushoto na kulia.

Dalili ya kufanikiwa: kushoto na kulia vinalingana au vinapishana kwa kashata moja. Vikipishana sana, trekta lilikwenda upinde, au matairi hayafanani.

## Hatua ya 5: Hesabu fowili ikiwa imeingia

Hii ifanyie shambani, kwenye udongo uliolegea. Kwenye lami au zege fowili haina pa kutelezea, na unachopima kinaanza kukunja propela.

Ingiza fowili. Rudia yale yale: mizunguko 10 ya nyuma, hesabu ya mbele. Hapa usijali umbali. Gia sasa zimeshikana, kwa hiyo namba ya mbele haitegemei tairi wala udongo. Ni uwiano wa gia zenyewe, na hautabadilika maisha yote ya trekta mpaka mtu abadilishe gia ndani.

Ila angalia na tairi la nyuma la upande wa pili: nalo limalize mzunguko wa 10 pamoja na mwenzake. Likichelewa, tairi moja liliteleza na difu ikagawa. Rudia.

Mfano wetu: 13 na kashata 15. Kumi na tano kwa 19 ni 0.79. Jumla 13.79.

Kama namba hii ni sawasawa kabisa na ya hatua ya 4, usishangilie. Huenda fowili haiingii, au haitoki. Rudi hatua ya 1.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Chukua namba ya fowili ikiwa imeingia, toa namba ya fowili ikiwa imetoka, gawanya kwa namba ya fowili ikiwa imetoka, zidisha kwa 100.

13.79 toa 13.37 ni 0.42. Gawanya kwa 13.37, zidisha kwa 100: asilimia 3.1. Trekta hili ni zima, mwache akalime.

Sasa trekta la mteja wangu mmoja, mashine ya aina hiyo hiyo, nyuma mpya, mbele kipara. Ikiwa imeingia: 13 na kashata 15, yaani 13.79 ile ile, kwa sababu gia ni zile zile. Ikiwa imetoka: 13 na kashata 16, yaani 13.84, kwa sababu tairi dogo linazunguka zaidi kufika mahali pale pale. Jibu ni kasoro 0.4, yaani chini ya sifuri. Alikuwa ameshalima ekari zake zote na fowili ndani. Tulipofungua difu ya mbele, meno ya kraunwili, ile gia kubwa ya difu, yalikuwa yameliwa upande wa mgongo, upande ambao kwa kawaida haubebi mzigo. Meno yale alinionyesha yeye mwenyewe, amekaa juu ya debe, na hakusema kitu kwa muda mrefu.

Soma jibu lako hivi:

- Chini ya 0: usiingize fowili kabisa mpaka urekebishe.
- 0 hadi 1: inakwenda, lakini haikusaidii kuvuta. Matairi ya mbele yakiliwa kidogo tu, utakuwa chini ya sifuri.
- 1 hadi 5: sawa. Mimi napenda 2 hadi 4.
- Zaidi ya 5: mbele inakwaruza. Fowili iwe ya kwenye tope tu, kwa muda mfupi, wakati unatafuta matairi.

## Hatua ya 7: Rekebisha

Jaribu kwanza kisichogharimu. Kuongeza upepo mbele kunapandisha asilimia, na kuongeza nyuma kunaishusha. Mabadiliko ni madogo, na usishushe tairi lolote chini ya psi inayobeba uzito wake. Upepo unafaa kumalizia, haufai kuokoa.

Ikiwa matairi ya nyuma ndiyo yameisha na ya mbele yamebaki na nusu, nunua ya nyuma yaliyotumika yenye kashata inayokaribiana, au badilisha yote manne. Najua bei. Difu ya mbele ya trekta la miaka 40 ni ghali zaidi, na kuipata ni kubahatisha.

Kununua mapya, usikubali maneno ya "hii inaingia, rimu ni ile ile". Muuza tairi akupe mzunguko wa kubingirika wa tairi hilo, upo kwenye jedwali la mtengenezaji. Kisha zidisha mzunguko wa mbele kwa uwiano wako (13.79 gawanya kwa 10, yaani 1.379), gawanya kwa mzunguko wa nyuma, toa 1, zidisha kwa 100.

Tuseme nyuma ni milimita 4650. Mbele ukifunga 12.4-24 yenye 3480, unapata asilimia 3.2. Ukishawishiwa kufunga 13.6-24 "ili ikanyage vizuri", yenye 3620 hivi, unapata 7.4. Ukipewa 11.2-24 ya bei poa, yenye 3300, unashuka hadi kasoro 2.1. Zote tatu zinaingia kwenye rimu ya inchi 24, na moja tu ndiyo inayokubalika na gia zako.

Tairi la kampuni moja lenye namba 12.4-24 halilingani lazima na la kampuni nyingine lenye namba hiyo hiyo. Jedwali la tairi hilo hilo unalonunua ndilo la kufuata.

## Kama trekta ni la nadra

Wapo wanaokusanya mashine za zamani Uingereza na Italia, na ndugu zetu walioko huko wameanza kuniuliza. Kwao hesabu hii ni ya lazima zaidi, maana kitabu mara nyingi hakipo.

Chukua Fordson Major iliyogeuzwa kuwa fowili na kampuni ya Roadless Traction ya Hounslow, Uingereza, kuanzia 1956. Ekseli ya mbele ilitokana na malori ya kijeshi ya GMC, na gia za kupeleka nguvu mbele zilibanwa katikati ya gia boksi na ekseli ya nyuma. Trekta la hivyo limepita mikono mingi, na mtu wa miaka ya 1970 alifunga rimu aliyoikuta. Saizi ya tairi unayoikuta juu yake si ushahidi wa kitu chochote. Hesabu ya hatua ya 5 ndiyo kitabu chako. Vivyo hivyo kwa matrekta ya SAME ya Treviglio, Italia, yenye herufi DT, yaani fowili, ambazo zilianza na DA 25 DT ya 1952.

Aina mbili usizipime kwa njia hii. Matrekta ya County ya Uingereza yenye magurudumu manne ya saizi moja: zile ni mbele sawa na nyuma, kazi yako ni kuhakikisha matairi yote manne yana mzunguko mmoja. Na John Deere 4020 zilizofungwa mota za haidroli kwenye magurudumu ya mbele: pale hakuna propela, mafuta ndiyo yanayosukuma, kwa hiyo hakuna uwiano wa meno wa kuhesabu.

## Hatua ya 8: Jaribu kazini

Funga jembe, lima mistari michache na fowili ndani. Ukifika mwisho wa shamba, trekta likiwa limenyooka na bado linatembea taratibu, toa leva.

Ikitoka kwa vidole viwili, umefaulu. Ikigoma mpaka urudi nyuma kidogo ndipo iruke yenyewe, propela ilikuwa imejikunja, na asilimia yako si ile uliyodhani. Pima tena, upepo kwanza.

Baada ya saa hamsini za kazi, pitisha kiganja juu ya kashata za mbele, kwenda na kurudi. Zikiwa laini pande zote mbili, vizuri. Zikichoma kama msumeno upande mmoja, kuna kitu kinakwaruza.

Barabarani fowili itoke, hata kama matairi yamelingana. Kwenye kona ya mwisho wa shamba itoke pia, maana mbele inapita njia ndefu kuliko nyuma na hakuna hesabu ya tairi inayoweza kuziba pengo hilo.

Ukimaliza, andika kwa rangi ndani ya boneti: uwiano wa gia, psi za mbele na nyuma, asilimia uliyopata, na kina cha kashata siku hiyo. Mimi huandika pia tarehe ya kupima tena, kashata za mbele zikishapungua milimita 10.